Nimenunua Kifurushi cha Miji Minne ya Pwani ya Kenya: Je, Kina Thamani?

Hamjambo watazamaji wangu. Leo sina simu mkononi wala blenda mezani. Bidhaa ya leo ni safari. Ni hii karatasi mnayoiona hapa: siku 9, miji 4, Diani, Watamu, Malindi, Lamu. Niliinunua mwaka jana mwezi wa Januari kwa ajili yangu, mume wangu, watoto wawili na mama mkwe. Walioniuzia sitawataja. Mwaka huu, Januari tena, nimeirudia karibu njia ileile nikiwa nimeipanga mwenyewe, kwa hiyo leo nawachambulia kitu nilichokitumia mara mbili.

Tuanze na asubuhi ya kwanza Diani. Kwenye picha ya tangazo, maji ya buluu yamefika mpaka kwenye ngazi za hoteli. Tumekunywa chai, watoto wamevaa maboya yao, saa 4 tunateremka ufukweni, na bahari haipo. Imetoka imekwenda zake mpaka kule mwambani, imetuachia mchanga, mwani na vidimbwi vya maji ya magotini. Mama mkwe, mtu wa Nyeri, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaniuliza, "Hii ndiyo bahari mliyolipia?"

Siku ya pili vilevile, ila ilichelewa kidogo. Karatasi inasema "asubuhi: kuogelea". Nani aogelee wapi?

Tulipofika Watamu, siku ya sita hivi, tukapanda boti kwenda kuona fungu la mchanga la Mayungu, lile linaloibuka katikati ya bahari kama kisiwa cheupe. Halikuibuka. Tumekaa tunaelea juu yake, tunaliona chini ya maji, picha hakuna. Nahodha alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu. Nikamsabahi, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja mwezi ngapi?"

"Januari."

Akacheka mpaka akashika usukani. "Sikuulizi mwezi wa ukutani. Nakuuliza mwezi wa juu."

Watazamaji wangu, hapo ndipo uchambuzi wangu wote ulipo. Mzee yule alinieleza kwa dakika tano kitu ambacho hakimo popote kwenye karatasi hii. Mwezi mchanga na mwezi mpevu huleta bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya zaidi ya mita 3. Na pwani yetu ya Kenya, siku za bamvua maji hupwa kama saa 4 asubuhi na kujaa kama saa 10 jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana, na saa 4 hiyohiyo asubuhi utayakuta yamejaa. Kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Ndiyo maana siku yetu ya pili "ilichelewa kidogo".

Sasa linganisheni na karatasi. Walitupeleka Diani mwezi mpevu, tulipotaka maji ya watoto kuogelea asubuhi. Wakatupeleka Watamu mwezi umebaki nusu, tulipotaka maji yapwe fungu litoke. Kila kitu kinyume. Ni kama kuuziwa viatu viwili vizuri, vyote vya mguu wa kushoto.

Dawa yake ni kalenda ya Kiislamu, ile inayotundikwa msikitini na dukani, maana yenyewe inahesabu mwezi wa juu. Mwaka huu nilishuka Diani mwezi 8, yaani siku ya nane ya mwezi wa juu. Maji kuanzia saa 4 mpaka adhuhuri yamejaa, yametulia, mwamba uko mbali unazuia mawimbi, mtoto wa miaka sita anaoga bila wasiwasi. Mwezi 11 tukalala Mombasa. Mwezi 12 mpaka 15 Watamu, na fungu likatoka jeupe kabisa, watu wanacheza mpira juu yake. Halafu Lamu. Siku 11 badala ya 9, na hoteli ya Diani ilikuwa ileile! Sijabadilisha kitanda, nimebadilisha tarehe tu.

Msimu wao waliupatia, hilo nawapa. Januari ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, maji ni maangavu. Ukienda kusi, upepo wa kutoka kusini, imeshika, mwani huletwa ufukweni kwa wingi na bahari huchafuka, na Aprili na Mei kuna masika.

Usafiri. Treni ya SGR ya Nairobi hadi Mombasa, daraja la kawaida, ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwaka 2024, na bado naipenda kuliko basi. Lakini kituo cha Mombasa kiko Miritini, si mjini. Dereva wa kifurushi alituchukua Miritini, akatupitisha mjini, akatupanga kwenye foleni ya feri ya Likoni na jua lile la saa 9, mama mkwe anajipepea na tiketi. Safari hii tumepita barabara ya Dongo Kundu, inayokuingiza upande wa kusini, iliko Diani, bila kuvuka feri. Kama una begi moja tu mgongoni na uko mjini, feri ya Likoni kwa miguu ni bure, ipande uione. Ila si na watoto na mizigo.

Mombasa kifurushi hakikuigusa kabisa, na hilo siwasamehi. Usiku mmoja tu. Fort Jesus asubuhi, ngome ya Wareno ya miaka ya 1590, jioni viazi karai, mishikaki na kachri zilizonyunyiziwa ndimu na pilipili ukitazama meli zinaingia. Huwezi kwenda pwani ukala chakula cha hoteli siku tisa.

Malindi nimeitoa. Najua nitagombana na watu wa Malindi, lakini tunazungumzia likizo ya kuogelea. Mto Sabaki unamwaga tope kaskazini mwa mji, na upepo wa kaskazi unalisukuma kusini, kwa hiyo msimu uleule Watamu iko kama kioo, Malindi maji yanaweza kuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Nendeni nusu siku kutoka Watamu, ni karibu. Mtaona nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapo 1498, na mtakula aisikrimu ya Waitaliano, ambayo, jamani, ni tamu kweli. Mkirudi piteni Gede. Mji mzima wa mawe umezama msituni, misikiti, makaburi, visima, na tangu 2024 umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Kifurushi kiliipa dakika 40. Sisi tulikaa saa tatu.

Jambo dogo la Watamu: kiingilio cha hifadhi ya bahari hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, si pesa mkononi, kwa hiyo lipeni kabla hamjafika kwenye boti mtandao ukawasumbua. Na vaeni viatu vya plastiki. Wale viumbe wa miba myeusi hawajali umelipa kiingilio.

Alama zangu sasa. Njia yenyewe, 9 kwa 10. Mpangilio wa kifurushi, 4, na mbili kati ya hizo nne ni za kaskazi.

Lamu nimeiacha nyuma kwa sababu siwezi kuiharakisha. Kwa ndege unatua Manda, unavuka kwa boti. Kwa barabara unateremka Mokowe, nako unavuka kwa boti, na njiani kuna ukaguzi, kitambulisho kiwe mkononi. Vichochoro ni vya watu na punda. Alfajiri tulikuwa tunafuata harufu ya mkate wa mofa mpaka mlangoni. Mkienda Ramadhani, mchana msitarajie mikahawa. Mkienda wakati wa Maulidi, mwezi wa Mfungo Sita wa kalenda ya Kiislamu, wekeni vyumba mapema sana. Kuoga ni Shela, kama kilomita tatu kutoka mjini kwa njia ya pwani, na kule muwe waangalifu kwa sababu mawimbi yanaingia wazi.

Mwaka jana tulirudi kutoka Shela kwa miguu jioni, maji yakatukuta njiani, tukafika mjini tumelowa mpaka mapajani. Mwaka huu, mchana tuko mchangani, mama mkwe akamwita kijana wa boti.

"Mwanangu, leo mwezi ngapi?"

"Kumi na saba, mama."

Akahesabu kwa vidole, akanigeukia. "Basi magharibi yatakuwa yamejaa. Mwambie atungoje, turudi na boti."