TAHADHARI: Amplifaya za zamani za gitaa zinazouzwa Dar kama "zimekarabatiwa"

Wakuu, habari zenu. Kuna muuzaji hapa Dar es Salaam anatangaza amplifaya za gitaa za vali (mirija ya kioo iliyotumika kabla ya transista), zile za miaka ya 1960 na 1970. Anasema zimekarabatiwa kila kitu, kapasita (vifaa vinavyotunza umeme) mpya, vali mpya, wewe ni kuchomeka na kupiga. Kwa nje zinavutia kweli: kitambaa cha spika kipya, ngozi imesuguliwa, vitufe vinang'aa. Kijana wa kwaya yetu alinunua moja kwa milioni moja na laki mbili. Alipokaribia maiki huku ameshika nyuzi za gitaa, akapigwa shoti ya mdomo. Ndipo akaniletea.

Nimeifungua, na nilichokikuta kinatisha. Plagi ina pini tatu, lakini waya uliotoka humo una nyaya mbili tu. Ethi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini, haijafungwa popote. Halafu amplifaya nyingi za Marekani za enzi hizo zina kapasita ndogo iliyounganishwa kati ya waya wa umeme na chesisi, yaani bodi ya chuma ya ndani, kwa ajili ya kupunguza mlio wa muungurumo. Hii ya kwetu imezeeka, inavujisha, na bado ipo palepale. Umeme unapita chesisi, unapanda waya wa gitaa, unafika kwenye nyuzi. Les Harvey, mpiga gitaa wa Uskoti, alifia jukwaani Swansea, Wales, mwaka 1972 kwa kugusa maiki isiyo na ethi. Keith Relf, mwimbaji wa bendi ya Kiingereza ya Yardbirds, alikufa kwa umeme mwaka 1976 akiwa nyumbani kwake, gitaa mkononi. Kijana wetu amepona kwa neema ya Mungu.

Fyuzi ilikuwa imeungua zamani, ikazungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Maana yake transfoma ikipata hitilafu hakuna kitakachokata umeme mpaka moto uwake.

"Kapasita mpya" ndizo zilizoniuma zaidi. Kopo kubwa la bluu, limeandikwa volti 450. Nililikata: ndani kuna kapasita ndogo kama ncha ya kidole, imezungushiwa karatasi ili ijaze nafasi. Mashine hii inatembeza volti zaidi ya 400 ndani. Kapasita ya namna hiyo inavimba, inapasuka. Na vali nazo: jina la kiwanda lilifutika kwa kidole gumba, na moja ile sehemu ya fedha juu ya kioo imegeuka nyeupe kama maziwa. Hiyo imeshaingiza hewa, ni mfu.

Mashine yenyewe ni ya volti 120, umeme wetu ni 230. Muuzaji alimpa katransfoma kadogo ka kushushia ambako kalikuwa kanachemka.

Kwa hiyo ukiitaka amplifaya ya zamani, omba picha za ndani kabla ya kutuma hata shilingi. Huyu akiombwa anasema kufungua kunaharibu waranti, kisha anadai advansi ya nusu bei "kwa sababu kuna mteja mwingine njiani". Ukienda kuiona, nenda na mita. Umeme ukiwa haujachomekwa, pima ukinzani (omu) kutoka pini ya ethi ya plagi mpaka chesisi. Isiposoma karibu na sifuri, ondoka.

Walio nayo tayari nyumbani, msiiwashe. Na msikimbilie kuifungua kwa kuwa tu imechomolewa: kapasita zinaweza kubaki na volti mia kadhaa. Fundi anazimaliza umeme wake kwa rizista (kipingamizi cha umeme) yenye wati za kutosha na nyaya zenye ganda, si kwa bisibisi, kisha anapima kwa mita kabla ya kuingiza mkono. Waya wa ethi ufungwe kwenye chesisi kwa bolti yake peke yake. Ile kapasita ya hatari ikatwe kabisa. Mara ya kwanza kuwasha, iwe kupitia balbu ya aina ya zamani (si ya LED) ya wati 60 au 100 iliyounganishwa kwa mfululizo. Balbu ikibaki kuwaka kwa ukali, kuna shoti ndani ya mashine, zima. Fundi wa redio wa zamani anayajua haya yote. Fundi wa simu mwachie simu zake.

Hela ya kijana haijarudi, namba imezimwa. Tangazo jipya limeshatoka kwa jina jingine, picha za mbele tupu, kitambaa safari hii ni chekundu.