Kabureta ya Sportster: mimi ni wa Mikuni, ila anza na mpira

Mwezi wa saba mwaka jana nilitoka Arusha asubuhi na Sportster yangu, pikipiki ya Harley-Davidson, cc 883 ya 2005, kabureta mpya (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) imefungwa siku mbili kabla, nimevaa makoti mawili maana baridi ya huku mwezi huo mnaijua, naenda zangu Moshi kwa shangazi. Sakina mpaka Tengeru inateleza tu, nikasema hela yangu imelala pazuri. Kufika njia panda ya KIA, ya kwenda uwanja wa ndege, ikaanza kupiga kwenye ekzosi, pa, pa, alafu nikiachia resi haishuki, inabaki juu kama kuna mtu kashikilia waya. Boma Ng'ombe nikasimama ipoe. Kikafu, ukishavuka daraja unaanza kupandisha, ikazima kabisa. Dogo wa bodaboda akasimama, akaiangalia, akaniambia "dada, hii imechoka". Kabureta ya laki tatu na nusu, siku ya tatu, imechoka!

Ile ilikuwa kopi ya Keihin CV40, ile kabureta ya kiwandani ya pikipiki hii, niliyotumiwa na basi kutoka Dar, muuzaji simtaji. Tangu niongelee hilo balaa watu wananiuliza wanunue ipi, na swali linakuja vilevile, milimita ngapi, inaongeza spidi kiasi gani. Hayo mtayapata popote, mm siyagusi. Na kama yako ni ya mwaka wa modeli 2007 kuendelea usijisumbue kusoma, hiyo ni injekta, haina kabureta.

Mm nataka niongelee mpira. Kabureta ya CV40 haifungwi na nati kwenye injini, watu wengi hawajui hili. Mdomo wake unachomekwa tu kwenye mpira ulioko kwenye manifodi, lile bomba la kupeleka hewa na petroli kwenye injini, na kinachoibeba isichezecheze ni breketi ya ea klina (chujio la hewa) inayofungwa kwenye silinda hedi. Alafu manifodi yenyewe inakutana na silinda hedi mbili, na kila upande una sili yake ya mpira. Kwahiyo hapo kuna sehemu tatu ambazo injini inaweza kuvuta hewa isiyopita kwenye kabureta, na ikivuta huko hata ufunge kabureta ya dhahabu itapiga, itachemka na plagi itatoka nyeupe.

Sasa kwanini Arusha sikuona kitu? Hapa ndo nilipopoteza wiki mbili. Arusha tuko mita kama 1,400, hewa ni nyepesi kuliko pwani kwa zaidi ya asilimia 10, kwahiyo kabureta yenye jeti (vile vitundu vya kupitishia petroli) za kiwandani huku inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Mpira ukivuja, unaingiza hewa ya ziada. Makosa mawili yanafutana, pikipiki inakaa sailensa, yani inanguruma bila resi, vizuri, fundi anajipongeza, unamlipa. Ukiteremka Moshi, mita 800 na kitu, hewa inakuwa nzito, petroli haizidi tena, linabaki kosa moja tu, la mpira. Ndo maana ilinifia njiani na sio Sakina. Na ukirudi nayo Arusha kulalamika inatulia tena, fundi anakuangalia kama umerogwa.

Kupima ni rahisi. Chukua ile chupa ya kupulizia maji unayotumia kwenye nywele. Washa, iache sailensa, pulizia kidogo kwenye maungio ya manifodi, mbele, alafu nyuma, alafu pale kabureta inapochomekwa. Mlio ukibadilika hata kwa sekunde moja umempata mwizi wako. Yangu ilibadilika pote pale mdomoni. Tulipoichomoa nikaona kitu kilichonitia hasira mpaka leo, mdomo wa ile kopi ulikuwa mwembamba kidogo kuliko wa orijino, na fundi aliyenifungia alishaligundua hilo, akakata kipande cha tyubu ya baiskeli akauzungushia, juu akapaka silikoni. Hakuniambia! Tyubu ikikutana na petroli inavimba na kulegea kama mkate kwenye chai, na ile silikoni ya kawaida inamenyeka vipandevipande, siku mbili nyingi. Nilimuuliza akasema "dada nilikuwa nakusaidia".

Haya, orodha.

Ya kwanza ni Mikuni HSR42 na sitajifanya sina upande. Bamba lake, lile linalofungua njia ya hewa, ni bapa, linatembea kwenye vigurudumu vidogo, na waya wa resi unalivuta lenyewe badala ya kusubiri mvuto wa injini, ukivuta resi inaitika hapohapo. Ila sio sababu yangu kubwa. Sababu yangu ni kwamba unaweza kuichukua kwa kit kamili, inakuja na manifodi yake na mpira wake mpya uliotengenezwa kwa ajili ya huo mdomo, kwahiyo hakuna mtu wa kukukatia tyubu. Usichukue kit ndogo ya kuchomeka kwenye manifodi ya zamani ili uokoe laki, utakuwa umenunua tatizo langu kwa bei kubwa. Ubaya wake ni kwamba yenyewe haijirekebishi na mwinuko, kwahiyo siku ileile ya kuagiza ongeza jeti kuu (main jet) tatu nne za namba za chini, yani za tundu dogo zaidi, ni vitu vidogo haviongezi uzito. Mm huku nilishuka hatua mbili na plagi sasaivi ina rangi ya kahawia kama inavyotakiwa.

Ya pili ni Keihin CV40 ileile iliyokuja na pikipiki yako. Ndio, ileile unayotaka kuitupa. Hii diaframu yake, utando mwembamba wa mpira, inanyanyua bamba kwa mvuto wa injini, kwahiyo mwinuko unaisumbua, ila kidogo kuliko Mikuni. Fungua kile kifuniko cha juu, toa diaframu, inyooshe taratibu kwenye mwanga wa dirisha, ukiona hata kitundu cha sindano badilisha. Badilisha na sili zote, osha jeti. Wenzangu kama nusu walionitafuta walikuwa hawahitaji kabureta kabisa, na kama ningejua hivo mapema ningekuwa na laki tatu na nusu yangu.

S&S Super E naiweka ya tatu. Ni ya Wisconsin, Marekani, kampuni ipo tangu 1958, na lile kava la ea klina la umbo la tone la maji ni zuri jamani, nusu ya wanaoinunua wananunua kava. Kwa injini kubwa iliyoguswa kuongezwa nguvu ni sawa. Kwa 883 ya kawaida ya kwenda Usa River na kurudi naona ni kuvaa viatu vya baba.

Kopi, hapana.

Ukishanunua, mwambie fundi asikaze nati za manifodi moja kwa moja. Azishike tu kwa mkono, achomeke kabureta (paka sabuni ya maji kidogo kwenye mdomo iingie bila kukunja mpira), afunge breketi ya ea klina, kila kitu kikae kwenye mstari wake, ndo arudi na alenki kukaza manifodi. Akianza na manifodi, breketi ikija baadae inaivuta kabureta upande na mpira unaachia. Kaa hapohapo, usiende kunywa chai.

Bei sasa. Kit ya Mikuni huko Marekani ni zaidi ya dola 400, na VAT ya asilimia 18 haipigwi kwenye bei ya dukani, inapigwa baada ya kujumlisha nauli na ushuru, yani unalipa kodi mpaka ya kusafirishiwa. Hilo naweza kulimeza. Nisichomeza ni muuzaji anayeweka picha ya orijino aliyoitoa mtandaoni, ukimwambia piga picha ya mdomo na vipimo anakujibu "dada huna hela". Yule wangu bado anauza, picha ni ileile, ameongeza tu neno OG, yani orijino.

Sili mbili za akiba ninazo kwenye kopo la Blue Band hapa nyumbani, na siziuzi, msinitumie meseji.