Pia za kimiminika: ya bapa chukua, ya kopo refu acha

Pia zenye kimiminika ndani, yaani vile vichezeo vya kuzungusha kwa kijiti, ziwe za dukani au za kuchapwa kwa printa ya 3D, huja kwa sura tatu: kopo refu, sahani bapa, na sahani yenye vimiminika viwili visivyochanganyika. Ukizipima kwa kazi yenyewe ya pia, yaani kusimama na kuzunguka, kopo refu ndilo bovu, hata likitengenezwa na fundi hodari.

Kopo la kawaida lina chumba chenye kipenyo cha mm 20 na kimo cha mm 30 hivi. Ukilizungusha husimama kidogo, likaanza kutikisa kichwa, duara la kichwa likapanuka, mara chali. Wanunuzi hulaumu ncha, na ncha haina kosa. Mwanafizikia Lord Kelvin alishalionyesha jambo hili katika karne ya 19 kwa magamba (maganda ya nje) mawili yaliyojaa maji: lililobonyea kidogo juu na chini lilizunguka kwa utulivu, lililorefuka kidogo likashindwa kabisa kusimama. Mwaka 1880 mwanahisabati Greenhill akaliwekea hesabu: katika chumba cha umbo la yai, kwa kimiminika kisicho na mnato (ukinzani wa kutiririka) ndani ya gamba jepesi, hatari ipo pale kimo kinapozidi kipenyo na hakijafika mara tatu yake. Silinda ina hesabu yake yenye vikwazo zaidi, lakini kwa mnunuzi inatosha kuangalia kama kimo cha chumba ni kidogo kuliko kipenyo. Kikiwa robo ya kipenyo, vizuri zaidi.

Sahani bapa ndiyo ya kuchukua, ila si kila sahani. Tuseme chumba kina kipenyo cha mm 40 na kina cha mm 10. Kinameza mililita 12.6, karibu gramu 12.6 za maji. Vidole vinapozungusha kijiti, gamba huondoka mara moja, na maji hubaki nyuma yakivutwa polepole na kuta. Kwa sekunde chache zinazofuata maji hujichotea mwendo kutoka kwa gamba, na pia yenyewe hupungua kasi kabla hata msuguano wa ncha haujafanya kazi. Gamba la plastiki la gramu 10 peke yake hupoteza karibu nusu ya kasi kwa njia hii. Likivishwa ukingoni pete ya shaba au chuma ya gramu 20, upotevu unashuka hadi chini ya moja ya tano. Kwa hiyo bila pete ya chuma ukingoni, rudisha rafuni, hata kama ndani kunameremeta.

Kuna mbinu ambayo maelekezo ya kwenye boksi huisahau: zungusha, subiri sekunde mbili tatu, shika kijiti na uzungushe tena papo hapo. Safari ya pili maji tayari yana mwendo, na pia yako hudumu zaidi.

Kiputo cha hewa wengi hukiona kama dosari. Kwa kweli kinahitajika. Maji yakipanda kutoka nyuzi 20 hadi 50 za Selsiasi hutanuka kwa karibu asilimia 1, na mafuta ya madini hutanuka zaidi. Chumba kilichojaa pomoni kikiachwa juani hufunguka kwenye kiungo. Acha nusu mililita ya hewa katika chumba cha ukubwa tuliotaja. Halafu kiputo hicho ndicho burudani yenyewe: kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika maji hukimbilia ukutani na hewa hujipanga katikati kama faneli, mdomo wa juu takriban mm 10 na wa chini mm 5. Kasi ikishuka chini ya mizunguko 750 hivi, faneli haigusi tena sakafu ya chumba.

Kuhusu kilichomo: maji matupu huonyesha mkondo vizuri lakini hukawia kushika mwendo. Mchanganyiko wenye gliserini asilimia 60 kwa uzito una mnato wa karibu mara 10 ya maji. Hushika mwendo upesi, na chembe za kung'aa haziporomoki haraka. Gliserini tupu haina maana hapa, kwa sababu huzunguka pamoja na gamba kama kipande kimoja kigumu na hakuna cha kutazama. Ile ya vimiminika viwili, maji ya rangi na mafuta ya madini, ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho: maji mazito huenda ukingoni, mafuta hukusanyika katikati. Masalio kidogo tu ya sabuni chumbani huigeuza kuwa uji mweupe usiotengana. Ukijitengenezea, suuza kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, ukaushe kabisa.

Uvujaji ndio ugonjwa mkubwa wa hizi za kuchapwa. Plastiki ya printa hupenyeza maji katikati ya tabaka, kwa hiyo paka epoksi nyembamba ndani kabla ya kujaza. Gundi ya haraka huacha ukungu mweupe kwenye kifuniko cha akriliki, na spiriti hukipasua nyufa ndogondogo. Safisha kwa maji tu. Tundu la kujazia liwe katikati, chini ya kijiti, lifungwe kwa skrubu ya mm 3 yenye pete ya mpira. Likiwekwa pembeni, skrubu hiyo huvuta uzito upande mmoja na kijiti huchora koni badala ya kusimama wima. Dawa yake ni kipande cha utepe wa kunata upande wa pili, kikipunguzwa kidogo kidogo hadi kijiti kitulie.

Ncha nzuri ni gololi ya chuma ya mm 3 juu ya kioo au kisahani kilichobonyea cha kuzungushia. Ukingo uwe mm 8 juu ya meza kwa pia ya upana wa mm 48, ili iweze kuinama karibu nyuzi 18 kabla ya kukwaruza. Ukiinua zaidi ya hapo, kitovu cha uzito hupanda na utulivu hupungua.

Kwa nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 3, jaribu kuvuta gololi kwa koleo kabla ya kumpa: ikichomoka, usimpe, maana itamezwa. Kimiminika kisichotajwa kwenye boksi kikatalie. Mafuta ya taa na maji ya kupozea injini hayafai kabisa kuwekwa ndani ya kitu ambacho siku moja kitaanguka sakafuni na kupasuka.