Kadi na chati za biolojia kwa Kiswahili: mwili umeelezwa vyema, mageuko yamepotoshwa

Mwezi uliopita nilinunua, katika duka moja la vitabu katikati ya jiji la Nairobi, seti ya kadi 120 na chati 6 za ukutani zinazoeleza istilahi za msingi za biolojia kwa Kiswahili. Nililipa shilingi 1,450. Binti yangu yuko Gredi ya 8 na anasoma sayansi kwa Kiingereza, kama wanafunzi wengi wa hapa. Nyumbani, hata hivyo, tunaishi na mama yangu, ambaye figo zake zimedhoofika na ambaye kila akirudi kliniki humwita mjukuu wake amfafanulie maneno ya daktari. Mtoto alikuwa na maarifa lakini hakuwa na maneno ya kumfikishia bibi yake. Nilitaka seti itakayowakutanisha hawa wawili, na kwa sehemu kubwa nimeipata.

Kadi 106 kati ya hizo 120 zinahusu mifumo ya mwili: mmeng'enyo wa chakula, upumuaji, mzunguko wa damu, mkojo, neva, homoni, uzazi, mifupa na misuli. Watayarishaji wamefanya jambo la busara ambalo vitabu vingi vya istilahi hulisahau, nalo ni kuanza na maneno ambayo watu tayari wanayo. Yeyote aliyewahi kusimama karibu na mbuzi anayepasuliwa siku ya Idi, au aliyenunua nyama ya ndani sokoni Burma, anayajua maini, figo, bandama, mapafu, nyongo na utumbo, tena anajua kila kimoja kinakaa wapi. Mama yangu alizipanga kadi za viungo hivyo mezani kwa mpangilio wake sahihi bila kuiangalia chati. Alipofika kwenye kongosho alisimama, kwa sababu neno hilo lilikuwa geni kwake, na hapo ndipo mjukuu wake alipomsomea kwamba kongosho liko nyuma ya tumbo, hutoa vimeng'enya vya kusaga chakula na pia insulini inayodhibiti sukari katika damu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mama yangu kusikia kwamba kisukari, maradhi aliyokuwa nayo marehemu dada yake, kina kiungo chake mwilini.

Kadi ninayoipenda kuliko zote ni ya kidakatonge. Inaeleza kwamba njia ya chakula na njia ya hewa hukutana katika koromeo. Mtu anapomeza, kidakatonge hufunika mlango wa zoloto, tonge likateremka kwenye umio, na pale maji au chakula kinapokosea njia ndipo mtu hupaliwa. Neno la kila siku na neno la kitaalamu yameelezana, na mtoto hatalisahau hata moja.

Nimeridhika pia na namna walivyoshughulikia neno mshipa, ambalo katika mazungumzo hubeba karibu kila kitu kirefu chembamba kilichomo mwilini. Kadi zinatenganisha ateri, inayotoa damu moyoni, vena, inayoirudisha, kapilari, ambamo damu na tishu hubadilishana oksijeni na uchafu, neva, inayopeleka taarifa, na kano, inayounganisha msuli na mfupa. Vivyo hivyo wamechagua kusema mfumo wa neva badala ya mfumo wa fahamu, uamuzi ninaouunga mkono, kwa kuwa mtu anapopoteza fahamu neva zake bado zinaendesha pumzi na kudhibiti mapigo ya moyo.

Kasoro za sehemu hii ni chache. Chati ya mzunguko wa damu imepaka vena rangi ya samawati bila kueleza kwamba damu haiwi samawati kamwe, bali inapopungukiwa na oksijeni huwa nyekundu iliyokolea. Kasoro iliyotugusa zaidi ni ya figo. Kadi inasema kwamba figo huchuja lita 180 kwa siku, ikaishia hapo. Mama yangu, ambaye hupimiwa hata maji ya kunywa, alifadhaika aliposikia takwimu hiyo. Kilichoachwa ni kwamba karibu maji yote hayo hurudishwa kwenye damu humo humo ndani ya figo, na kinachotoka kuwa mkojo kwa mtu mzima mwenye afya ni takribani lita moja hadi mbili. Sentensi moja ingetosha kumtoa wasiwasi mgonjwa.

Tatizo kubwa liko katika kadi 14 zilizobaki, za mageuko ya viumbe. Kwanza, kichwa chake ni "Mageuzi", neno ambalo kwa Mkenya ni la katiba na siasa. Mageuko lingekuwa wazi zaidi. Hilo ningelisamehe. Nisiloweza kulisamehe ni kadi inayosema kwamba binadamu alitokana na nyani. Nyani ni yule mnyama mwenye pua ndefu anayepora chakula cha watalii kando ya barabara, naye anaishi leo kama tunavyoishi sisi. Hata tukiweka sokwe mahali pake, sentensi bado ni ya uongo, kwa sababu biolojia haisemi kwamba tulitokana na sokwe, bali kwamba sisi na sokwe tuna babu wa pamoja, aliyeishi yapata miaka milioni 6 hadi 7 iliyopita na ambaye hakuwa sokwe wala mtu. Kiswahili kina nyani, sokwe, tumbili na mbega, kila neno na mnyama wake; lugha iliyojaliwa hivyo haina sababu ya kuwachanganya. Nimewaona watu wazima wakiikataa elimu hii yote kwa sababu ya sentensi hiyo moja, na wana haki ya kuikataa sentensi.

Kadi ya uteuzi asilia nayo inasema kwamba twiga alijirefusha shingo ili afikie majani ya juu. Kosa lote limo katika silabi ji na neno ili, kwa maana vyote viwili vinampa mnyama nia asiyokuwa nayo. Neno uteuzi lenyewe linahitaji uangalifu hapa Kenya, ambako tumezoea kwamba kila uteuzi una mteuzi. Wazo ambalo Charles Darwin alilieleza mwaka 1859 halina mteuzi: viumbe wa spishi moja huzaliwa wakiwa na tofauti ndogo ndogo, baadhi ya tofauti hizo hurithiwa, na wenye zile zinazofaa mahali walipo huacha watoto wengi zaidi.

Mfano bora ulikuwa hapa hapa nchini. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya sampuli za damu katika maeneo mbalimbali akagundua kwamba jeni ya selimundu, maradhi ya damu ya kurithi, ilikuwa ya kawaida pwani na kando ya Ziwa Victoria, na adimu katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba anayeirithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingika kwa kiasi dhidi ya malaria kali, ilhali anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua selimundu. Palipo na mbu wa malaria, waliobeba jeni moja walinusurika kwa wingi zaidi wakaipitisha kwa watoto wao. Kadi moja ya namna hiyo ingeunganisha damu, maradhi, urithi na mageuko, na ingemhusu mtoto wa Kisumu au Kilifi moja kwa moja.

Ili kuziba pengo hilo, tulipanda hadi Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi Jumamosi moja tukiwa na chati ya mifupa mkobani, na ninamshauri kila atakayenunua seti hii afanye hivyo. Katika ukumbi wa chimbuko la binadamu tulisimama kwa muda mrefu mbele ya mifupa ya kijana wa Turkana, wa spishi ya kale ya binadamu iitwayo Homo erectus, ambaye kipande cha kwanza cha fuvu lake kiligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Aliishi takribani miaka milioni 1.5 iliyopita. Binti yangu alilinganisha paja, nyonga, mbavu na pingili za uti wa mgongo na zile za chatini, akaona kwamba kuanzia shingoni kushuka chini hawatofautiani sana nasi. Kichwani ndiko kuna tofauti kubwa: ubongo wake ulikuwa na ujazo wa karibu sentimita za ujazo 880, wakati wetu una wastani wa 1,350 hivi. Miguu ya kutembelea wima ilitangulia na ubongo mkubwa ukafuata, jambo ambalo ule mchoro wa viumbe watano wanaonyooka hatua kwa hatua huku vichwa vikikua, uliomo katika kadi hizi pia, unalificha. Inanisikitisha kwamba seti inayouzwa Nairobi haimtaji kijana huyu hata mara moja.

Karatasi ni ngumu, kadi zimevishwa plastiki na zinapanguswa, na maandishi ni makubwa kiasi kwamba mama yangu huyasoma bila miwani. Kwa bei hiyo ningeinunua tena kwa ajili ya kadi zile 106 pekee. Kadi ya nyani tumeipiga mstari, na juu yake binti yangu ameandika kwa wino usiofutika: "Binadamu na sokwe wana babu mmoja wa zamani." Kwenye ile ya figo ameongeza lita mbili zilizokosekana, kwa herufi kubwa, na bibi yake ameiomba aende nayo kliniki.