Regyuleta ya Mafia Ndani ya Maji ya Nyuzi 5

Ndugu watazamaji, karibuni. Hii iliyopo mezani ni regyuleta, kifaa kinachopunguza mgandamizo wa hewa ya mtungi ili mzamiaji aweze kuivuta, na jina la kampuni nimelifunika kwa utepe kwa sababu ninachochambua leo ni aina yake. Nimeitumia miaka mitatu Mafia, katika bahari yenye joto mwaka mzima, wala haikuwahi kunisumbua. Februari hii nilikwenda nayo Stoney Cove, machimbo ya zamani ya mawe yaliyojaa maji huko Leicestershire, Uingereza, siku ambayo kipimajoto changu kilisoma nyuzi 5 za Selsiasi.

Tulikuwa mita 18 chini. Nilijaza hewa kidogo kutoka mtungini kwenye suti kavu, vazi la kuzamia lisiloingiza maji, na papo hapo nikavuta pumzi ndefu. Ukasikika mlio mkali, hewa ikafumuka mdomoni bila kukoma, baridi yake ikaniuma hadi kwenye mizizi ya meno, na mapovu yakanifunika uso nisiuone hata mkono wangu. Mshale wa geji ya mtungi, ambao muda mfupi uliopita ulikuwa kwenye baa 150 (baa ni kizio cha mgandamizo), niliuona ukishuka huku ninautazama. Mwenzangu alinipa regyuleta yake ya akiba, akaifunga koki ya mtungi wangu, tukapanda taratibu na kusimama dakika 3 kwenye mita 5. Tulipofika juu na kuufungua tena mtungi, zilikuwa zimebaki baa 60. Namshukuru sana mtu yule.

Sasa tazameni kwa karibu sehemu hii inayofungwa kwenye koki. Matundu haya huruhusu maji kuizunguka springi na pistoni. Hewa inapotoka kwenye baa 200 na kushuka ghafla hadi takribani baa 10 juu ya mgandamizo wa maji, hutanuka na kupoa chini ya sifuri, kisha maji yaliyomo huganda na barafu huizuia vali isifunge. Kadiri hewa inavyomwagika, ndivyo chuma kinavyozidi kupoa, ndiyo maana haikukoma yenyewe. Maji yasiyo na chumvi ni hatari zaidi hapa, kwa kuwa ya bahari hayagandi hadi yakaribie nyuzi 2 chini ya sifuri.

Chini ya matundu kuna maandishi madogo: EN 250, na pembeni yake >10°C. Maana yake, kwa kiwango cha Ulaya, regyuleta hii haikuidhinishwa kwa maji ya chini ya nyuzi 10. Niliyasoma jioni ile, baada ya kutoka majini. Muuzaji alijua ninahamia Uingereza, na ninaamini alipaswa kunionyesha.

Hii ya pili ndiyo niliyonunua badala yake. Badala ya pistoni inatumia kiwambo, yaani utando unaonyumbulika, springi yake imezibwa isiguswe na maji, na sehemu ya mdomoni ina chuma kinachopokea joto la maji yanayoizunguka, jambo ambalo plastiki hulifanya kwa shida. Nimezamia nayo mara tisa katika bwawa lilelile bila hitilafu. Ni nzito, taya huchoka baada ya nusu saa, na matengenezo yake ni ghali. Hata hivyo ningeinunua tena. Haina kinga kamili, kwa hiyo siivutii pumzi nikiwa bado juu penye upepo wa baridi, siminyi kitufe cha kusukuma hewa bila sababu, na suti naijaza kidogo kidogo, kamwe si wakati ninapovuta pumzi.

Ile ya kwanza sitamuuzia mtu yeyote huku. Nimeifunga kitambaa chekundu kwenye mpira wake, na Desemba itarudi nami Mafia.