LCR-T4: kipimo kidogo cha kapasita kwa anayekarabati monita nyumbani

Monita ya LCD inayochelewa kuwaka, inayopepesa taa ya mbele bila kuleta picha, au inayoonyesha picha sekunde mbili kisha kuwa giza, mara nyingi tatizo lake liko kwenye bodi ya umeme wala si kwenye kioo. Kapasita mbili tatu, vijenzi vya kuhifadhi chaji ya umeme, zimechoka. Zilizovimba kichwa utaziona kwa macho, ila zilizokauka ndani bila kuvimba hufanana kabisa na nzima, na hizo ndizo LCR-T4 inazifichua.

Ni bodi tupu isiyo na gamba: skrini ya nukta 128 kwa 64, kitufe kimoja, soketi yenye mkono wa kubania na waya wa betri ya volti 9. Programu yake imetokana na mradi wa wazi ulioanzishwa na Markus Frejek wa Ujerumani na kuendelezwa na Karl-Heinz Kübbeler, ndiyo maana utaikuta katika maumbo mengi yanayofanana. Unachomeka miguu kwenye matundu yenye namba tofauti kati ya 1, 2 na 3, unabana, unabonyeza. Baada ya sekunde chache inachora alama ya kijenzi na kuandika vipimo vyake. Huhitaji kuiambia umechomeka nini.

Sababu ya kuinunua ni moja: inasoma ESR, yaani ukinzani wa ndani wa kapasita. Multimita yenye kipimo cha kapasita itakuambia ile ya mikrofaradi 1000 ina 870, nawe utairudisha kwenye bodi kwa amani, kwa kuwa asilimia 20 juu au chini inakubalika. Kumbe kapasita hiyohiyo inaweza kuwa na ESR ya omu 2. Bodi ya umeme ya monita huwasha na kuzima mkondo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mara kapasita hupokea na kutoa chaji. Ukinzani ukipanda, volti zinayumba na kapasita inajipasha moto, kisha bodi kuu inajizima na kuanza upya bila kikomo. Kapasita nzima ya mikrofaradi 1000 kwa volti 25, ya aina ya ESR ndogo, husoma chini ya omu 0.1. Ikifika 0.5, itupe. Usigombane na tofauti ya 0.03 na 0.06, maana soketi yenyewe ina ukinzani wake. Kabla ya kuanza, unganisha tundu 1, 2 na 3 kwa waya, bonyeza, ufuate maelekezo ya skrini ili ijirekebishe.

Kijenzi kinachowatoa wengi jasho ni kile kidogo cha mikrofaradi 22 au 47, volti 50, kilichojibanza karibu na chipu inayoendesha upande wa umeme mkali. Kazi yake ni kuilisha chipu hiyo. Kikikauka, bodi haianzi kabisa, au inatoa mlio wa tik-tik-tik tu. Kwa udogo wake mara nyingi hakivimbi, basi mtu hubadilisha zile kubwa zote, monita ikabaki imekufa, akahukumu kuwa bodi imeungua. Hapa usitumie kiwango cha omu 0.5, maana kapasita ndogo ina ESR kubwa kiasili. Pima na mpya ya thamani ileile, ulinganishe.

Sasa udhaifu wake mkubwa: kapasita yenye chaji inaiua papo hapo. Kapasita kuu, ile nene ya volti 400 au 450, hubeba takriban volti 325 za mkondo mnyoofu pale umeme wa ukutani ulipo volti 230, na inaweza kukaa nazo hata baada ya plagi kutolewa. Chukua rezista ya kiloomu 2.2, wati 5, yenye miguu iliyofunikwa vizuri, uishikize kwenye miguu yote miwili kwa sekunde tano, kisha hakikisha kwa multimita kwamba imebaki chini ya volti 1. Hilo ni kwa usalama wako kwanza, kipimo baadaye. Hata zile ndogo, gusanisha miguu yake kwa bisibisi kabla ya kuzichomeka.

Pia haipimi kijenzi kikiwa kwenye bodi. Kapasita mbili au tatu huunganishwa sambamba kwenye njia moja, hivyo nzima huificha mbovu. Toa moja moja, na piga picha kwanza: mstari kwenye gamba ni upande hasi, lakini alama za bodi si zote zinazofuata desturi moja.

Kwa daiodi pacha za kwenye kipoza joto inafanya vizuri, inazichora zote mbili. Kwenye mosfeti, aina ya transista inayofanya kazi kama swichi, uwe na tahadhari: LCR-T4 inatoa volti 5 tu, kwa hiyo zile zinazohitaji zaidi ya hapo kufunguka itaziita mbovu bure. Transfoma ya inveta, yaani sehemu inayozalisha volti kubwa za kuwasha taa, kwa monita za taa za mirija, linganisha mizingo miwili ya upande wa volti kubwa. Mmoja ukisoma mamia ya omu na mwingine hausomi, umekatika. Mizunguko michache ikigusana ndani, haitakuonyesha.

Utepe wa taa za LED usihangaike nao hapa. Taa zimefuatana, zinahitaji makumi ya volti. Mulika kioo kwa tochi kwa pembeni huku monita imewashwa: ukiona picha hafifu, ugonjwa uko kwenye mwanga wa nyuma, au kwenye inveta, na utahitaji kipimo maalumu cha LED.

Inafaa kununuliwa, lakini pamoja na multimita, si badala yake. Kapasita mpya ziwe za kustahimili joto la digrii 105, ESR ndogo, volti zilezile au zaidi. Pima kila moja kabla ya kuilehemu, kwa sababu zenye maandishi mazuri nazo hukutwa na ESR ya kutisha.