Nyota 3 kwa kampuni ya urasimishaji iliyopima mtaa wetu

Jina la kampuni nalihifadhi. Walikuja mtaani kwetu huku upande wa Chanika, Dar, kupitia serikali ya mtaa, kurasimisha, yaani kupanga na kupima makazi yaliyojengwa kiholela ili watu wapate hati, tukaitwa mkutano, ikaundwa kamati ya urasimishaji, kila mwenye kiwanja akaambiwa achangie 150,000 ambayo ndo ilikua bei elekezi ya serikali wakati huo. Watu walinuna, ila jamani kamuulize mpima binafsi bei zake uone kama hujarudi kimyakimya kuchangia.

Kazi ya saiti nawapa maua yao. Vijana wanajua kupima, na penye ugomvi wa mpaka waliita majirani wote wawili na mjumbe yakaisha palepale kabla jiwe la mpaka halijachimbiwa. Shida ni barabara. Huku watu walikatiwa vipande vya mashamba kwa karatasi za kuandikiana, kila mtu kajenga mpaka mwisho wa kipande chake, sasa mchoro wa mipango miji unakuja unataka njia ipite na hakuna anaekubali kuachia hata mita moja ya ukuta. Basi njia zingine zimebaki za bodaboda tu, gari la kunyonya choo haliingii, zimamoto ndo kabisaa, na eneo la shule limekosekana mtaa mzima. Hapo kampuni siwabebeshi lawama yote. Sheria ya Mipango Miji ipo tangu 2007 na inataka kibali kabla hujaendeleza kiwanja, ila Dar ya sensa ya 2002 ilikua na watu kama milioni 2.5, ya 2022 ikawa karibu milioni 5.4, hao walioongezeka walitaka pa kulala na viwanja vilivyopimwa vilikua vya kutafuta kwa tochi, unafikiri wangesubiri mchoro?

Nyota nimezikata kwa walichowafanyia wenye viwanja vya bondeni kando ya mto. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, kama kujenga, ndani ya mita 60 kutoka mtoni, kampuni ya mipango miji haiwezi kusema hailijui hilo, lakini hela za wale wazee walipokea kama za wengine halafu mchoro unatoka viwanja vyao havimo!! Na kurudishiwa ni mpaka leo "tunalifanyia kazi". Simu ya ofisini nayo ukishalipa haipokelewi kirahisi, ukimpata mtu anakwambia faili liko mkoani.

Mimi kontroo namba yangu, ile ya kulipia serikalini, imetoka, bado tozo za hati yenyewe ambazo haziko kwenye ile 150,000, hili waliligusia juujuu tu mkutanoni so jipangeni. Lipeni kwenye akaunti ya kamati sio mkononi, na mbanane nao kuhusu mto mapemaa.

Mtaa ambao bado una mashamba wazi na mapagale machache, waiteni hata kesho. Mlioshajaa kama sisi hati mtapata, ila gari la taka mtaendelea kulifuata lami.